Santuri za zamani mtandaoni: kuitambua, kuipima, kuifunga na kuituma

Tangazo linasema: "Nauza santuri za zamani, hali safi, bei maelewano." Picha ni moja, imepigwa kwa mbali, rundo limewekwa juu ya kochi. Mnunuzi anayejua anachotafuta analipita. Anayebaki ni mlanguzi, naye atataka rundo zima kwa bei ya kutupa, akalichambue mwenyewe na faida iwe yake.

Anayenunua santuri mtandaoni hawezi kuigeuza kwenye mwanga wala kuiweka kwenye pleya. Analipia ulichoandika na ulichopiga picha, basi. Kwa hiyo kazi yote, uwe unanunua au unauza, iko kwenye maswali matatu: hii ni chapa ipi hasa (yaani toleo lipi, lililochapwa wapi), hali yake ikoje, na itafikaje bila kuvunjika. Mifano mingi hapa ni ya santuri za Afrika Mashariki na Kongo, hasa zile ndogo za inchi 7, kwa sababu ndizo zimelala kwenye makabati ya wazee wetu na ndizo wakusanyaji wa ng'ambo wanazisaka.

Soko lipi kwa santuri ipi

Discogs, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000 na Kevin Lewandowski, ni hifadhidata na soko kwa pamoja. Kila toleo la santuri lina ukurasa wake, na kwenye ukurasa huo utaona nakala zilizopo sokoni na bei zilizowahi kulipwa. Kwa santuri inayojulikana hapa ndipo pa kuanzia. eBay inafaa zaidi pale ambapo hakuna historia ya bei. Unaanzisha mnada wa siku saba, unaacha wanaoitaka washindane. Tovuti ya matangazo ya Jiji, Facebook Marketplace na makundi ya WhatsApp yana wepesi wake: mnakutana, mnakagua, mnalipana, hakuna posta. Bei huwa ndogo na ulinzi haupo.

Usipeleke kila kitu ng'ambo. LP, zile santuri kubwa za inchi 12, za Jim Reeves na ABBA zimejaa Nairobi na zimejaa duniani kote, na nauli ya posta peke yake itazidi bei ya santuri. Hizo uza hapa hapa, tano au kumi kwa mkupuo. Santuri ndogo ya bendi ya Kiswahili au ya Kikongo iliyochapwa Nairobi ndiyo ya kuitafutia mnunuzi wa mbali.

Kuitambua chapa

Anza na kasi. Santuri za inchi 12 kwa kawaida ni za mizunguko 33⅓ kwa dakika, na ndogo za inchi 7 ni za 45. Ukikuta nzito ya inchi 10, nene, ngumu, yenye wimbo mmoja kila upande, hiyo huenda ni ya mizunguko 78, iliyotengenezwa kwa sheleki (shellac) wala si plastiki ya vinaili. Hizo ni za enzi za HMV, kampuni ya Uingereza iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na za lebo za Léopoldville (Kinshasa ya leo) kama Ngoma na Loningisa. Sheleki ikianguka sakafuni inavunjika vipande, na husafishwa kwa namna yake. Itenge mapema.

Kisha soma lebo yote, si jina la bendi tu. Kuna jina la kampuni, namba ya katalogi (kwa santuri za Kenya mara nyingi ni herufi na tarakimu, mfano zinazoanza na ASL 7 au POL), jina la mtunzi, nchi ilikochapwa, na wakati mwingine anwani ya msambazaji. Baada ya hapo igeuze santuri kwenye mwanga, utazame ule ukingo laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Pamechongwa herufi na namba ndogo sana, nyingine kwa mashine, nyingine kwa mkono. Hiyo ndiyo namba ya matriksi, nayo inatenganisha matoleo mawili ambayo lebo zake zinafanana kabisa. Iandike kama ilivyo, pamoja na nafasi na vistari, upande A na upande B.

Wauzaji wa kwetu huteleza sana kwenye mambo matatu yafuatayo.

La kwanza ni nchi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo kazi za bendi za huko, za Mbaraka Mwinshehe zikiwemo, zilichapwa Nairobi. Lebo kusema imetengenezwa Kenya hakuifanyi bendi iwe ya Kenya. Vivyo hivyo, wimbo mmoja wa bendi ya Kinshasa unaweza kuwa na toleo la Kongo, la Ubelgiji au Ufaransa, na la Nairobi, kila moja likiwa na lebo yake na bei yake. Ukiweka nakala yako ya Nairobi kwenye ukurasa wa toleo la Kinshasa, mnunuzi ana haki ya kuirudisha, na nauli itakuwa juu yako.

La pili ni mwaka. Santuri nyingi ndogo za Nairobi hazina mwaka kwenye lebo. Usibahatishe. Usichukue mwaka wimbo ulipovuma redioni ukauandika kuwa mwaka wa kuchapwa. Acha wazi. Mkusanyaji anajua kusoma namba za katalogi kuliko unavyodhani.

La tatu ni idadi ya nyimbo. Bendi zetu zilipiga nyimbo ndefu, na dakika za upande mmoja hazikutosha, hivyo wimbo ulikatwa: sehemu ya 1 upande A, sehemu ya 2 upande B. Mtu asiyejua huorodhesha nyimbo mbili. Mnunuzi wa Japani aliyeisubiri hiyo santuri kwa miaka ataona mara moja kwamba muuzaji hajaisikiliza.

Usipoipata santuri yako kwenye hifadhidata, hiyo mara nyingi ni habari njema. Discogs inaruhusu kuongeza ukurasa mpya. Piga picha lebo zote mbili, andika namba zote, kisha iweke sokoni. Usiibandike kwenye ukurasa wa toleo linalokaribiana nayo kwa uvivu.

Mnunuzi naye aangalie asije akauziwa toleo jipya kwa bei ya la kale. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zimechapwa upya Ulaya. Mkusanyo wa Kenya Special wa kampuni ya Soundway, kwa mfano, ulitoka 2013. Santuri za namna hiyo ni halali na sauti yake mara nyingi ni nzuri, ila si za enzi hizo. Kava yenye mistari ya kusomwa na mashine ya dukani, karatasi nyeupe isiyo na doa na lebo inayong'aa haiwezi kuwa ya mwaka 1968, hata muuzaji aape. Za wizi, yaani zilizochapwa bila idhini, zina dalili zake: picha ya kava imefifia kwa sababu imeskaniwa kutoka kava nyingine, herufi ndogo hazisomeki, na ukingo wa matriksi ni mtupu au una namba isiyolingana na lebo. Discogs huzifungia zisiuzwe.

Kupima hali

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hiyo tukae kidogo.

Wauzaji wengi duniani wanatumia vipimo vya Goldmine, jarida la Marekani la wakusanyaji wa santuri: M, NM, VG+, VG, G+, G, F na P. Santuri na kava hupimwa kila kimoja peke yake. M ni santuri ambayo haijawahi kuguswa, na kwa santuri iliyotumika usiitaje kabisa. NM ni kama mpya, haina alama inayoonekana. VG+ ina alama ndogo zisizosikika au zinazosikika kidogo sana. VG ni ya katikati tu: mikwaruzo inaonekana, kelele zinasikika kati ya nyimbo na pale muziki unapopoa, lakini haziufuniki. G+ na G ni santuri iliyochoka, inayopiga mwanzo hadi mwisho lakini kwa kelele nyingi. F na P ni zile zinazoruka, zilizopinda vibaya au zenye ufa. Santuri ndogo iliyopita baa na kwenye jukiboksi ikifika VG ya kweli, imejitahidi.

Kagua hivi. Zima taa ya dari. Washa taa moja kali ya mezani, au tochi ya simu, kwa pembeni. Ishike santuri kwa kingo na tundu la kati, iinamishe hadi mwanga uteleze juu ya mifereji, kisha izungushe polepole. Mwanga wa moja kwa moja kutoka juu huficha mikwaruzo. Mwanga wa pembeni huianika yote.

Unachotafuta ni vitu vinne tofauti, usivichanganye. Nywele nyembamba ni alama za kutolewa na kurudishwa kwenye mfuko, na mara nyingi hazisikiki. Mkwaruzo ni mstari unaokatiza mifereji: pitisha ncha ya kucha taratibu, kucha ikinasa, sindano nayo itanasa. Michubuko ni mabaka ya kusuguana santuri kwa santuri bila mfuko, kitu cha kawaida sana kwenye rundo lililokaa wazi. Kitu cha nne, kibaya kuliko vyote kwa sababu hakionekani vizuri, ni mifereji iliyoliwa. Santuri inayong'aa vizuri upande wake wa nje lakini ikawa na rangi ya kijivu kuelekea katikati imechakazwa na sindano nzito au butu. Hiyo haisafishiki. Sauti ya mwimbaji itapasuka kila anapopandisha, na herufi "s" zitachoma masikio.

Kisha isikilize, yote ikiwezekana, au angalau mwanzo, katikati na mwisho wa kila upande. Masikio yanakupa kipimo kizuri cha chanzo cha kelele. Mlio unaorudi kwa mpangilio ni mkwaruzo: kwenye santuri ya 45 unarudi kila baada ya sekunde 1.33, kwenye LP kila sekunde 1.8, kwa sababu ndio muda wa mzunguko mmoja. Kelele zisizo na mpangilio, kama mafuta ya chapati yanapoanza kuchemka, kwa kawaida ni vumbi au umeme tuli, na kuosha kunaweza kuziondoa. Hesabu milio unayosikia uiandike: "milio 9 mwanzoni mwa upande B" ina thamani kuliko "kelele kidogo".

Kupinda kunapimwa santuri ikizunguka. Simamisha penseli pembeni ya pleya, ncha yake ikae karibu na ukingo wa santuri bila kugusa, uone ukingo unapanda na kushuka milimita ngapi. Taja umbo pia. Santuri iliyofanya bakuli mara nyingi inapiga vizuri, lakini iliyonyanyuka ghafla sehemu moja ya ukingo inaweza kuirusha sindano hata kama ni milimita 2 tu. Ukiona lebo inayumba kushoto na kulia wakati santuri imelala sawa, tundu halikutobolewa katikati. Hilo ni kosa la kiwandani, sauti itakuwa inapepesuka kwenye noti ndefu, na lazima litajwe. Angalia pia kama tundu limepanuliwa kwa kisu ili litoshe jukiboksi.

Kava nayo ina magonjwa yake: duara la santuri lililojichora kwa nje, mishono iliyoachia (pima kwa sentimita), jina la mwenye mali kwa kalamu, stika ya duka, ukungu wa pwani, matundu ya mchwa na mende. Santuri nyingi ndogo za Nairobi ziliuzwa kwenye mifuko ya kawaida ya kampuni au ya karatasi tupu, kwa hiyo kukosa kava yenye picha si kasoro. Usibuni kava. Kuchapisha picha ya bendi nyumbani na kuiweka mbele ya santuri ni kumdanganya mnunuzi hata kama hukukusudia.

Ukisita kati ya vipimo viwili, andika cha chini. Mnunuzi aliyeagiza VG akapokea VG+ atarudi. Aliyeagiza NM akapokea VG+ atafungua malalamiko.

Kusafisha

Kwa santuri za vinaili, mchanganyiko wa kutosha ni mililita 800 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, yaani "distilled" (yale ya betri ya gari, mradi lebo iseme ni maji matupu yasiyo na asidi), mililita 200 za pombe ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Maji ya bomba yanaacha chumvi kwenye mifereji, na zikikauka zinageuka kelele mpya. Fagia vumbi kwanza kwa brashi laini. Kisha lowesha kitambaa cha nyuzi ndogo, pangusa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikatize, na usiiloweshe lebo. Suuza kwa maji yaliyochujwa pekee, simamisha kwenye kichanja cha kukaushia sahani, kivulini. Iweke kwenye mfuko mpya. Ukiirudisha kwenye mfuko wa zamani wenye vumbi umeosha bure.

Sheleki haitaki pombe kabisa. Pombe inaiyeyusha, na santuri ya miaka themanini inaharibika mbele ya macho yako kwa mpanguso mmoja. Kwa hizo tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni, haraka, na ukaushe papo hapo.

Bei

Bei anayoitaka mtu si bei ya santuri. Mtu anaweza kuweka dola 300 na ikakaa miaka sita bila kununuliwa. Angalia zilizouzwa. Kwenye Discogs kila ukurasa una bei ya chini, ya kati na ya juu iliyowahi kulipwa, pamoja na tarehe ya mauzo ya mwisho, na kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Soma bei pamoja na hali: ile ya juu kabisa huenda ilikuwa ya nakala ya NM, na yako ni G+. Soma tarehe pia. Kama mauzo ya mwisho yalikuwa miaka saba iliyopita, hiyo namba si ya kutegemea sana.

Linganisha idadi ya walio nayo na wanaoitafuta, Discogs inaonyesha zote mbili. Wanaoitafuta wakiwa wengi mara kadhaa kuliko walio nayo, na sokoni hakuna nakala hata moja, usiwe na haraka ya kukubali ofa ya kwanza inayoingia kwenye ujumbe wa faragha.

Hesabu makato kabla ya kutangaza bei. Ada ya mauzo ya Discogs ni asilimia 9, na tangu 2023 inakatwa kwenye jumla, nauli ikiwemo. Tuseme umeuza santuri kwa dola 20 na nauli dola 15, jumla 35. Discogs inachukua dola 3.15. Tuchukulie PayPal inakata asilimia 4.4 na senti 30 juu: dola 1.84. Imebaki 30.01. Lipa posta 15, toa dola 1.50 ya boksi na mfuko, unabaki na dola 13.51, kabla hujakatwa tena kwenye kubadilisha fedha. Ukiwa uliinunua kwa dola 10, umefanya kazi ya jioni nzima kwa dola 3 na nusu.

Ukiwa mnunuzi

Soma maoni aliyoachiwa muuzaji, hasa yale mabaya, uone yanalalamikia nini. Muuzaji mwenye malalamiko ya posta kuchelewa ana nafuu kuliko mwenye malalamiko ya kupima hali kwa ulaghai. Kisha soma maelezo. Yakiwa ni ya kunakiliwa kwenye kila santuri yake, hajaitazama. Uliza maswali yasiyojibika kwa neno moja: umeisikiliza au umeitazama tu? Kuna sehemu inaruka? Naomba picha ya namba ya matriksi na ya upande B kwenye mwanga wa pembeni. Asiyetaka kupiga picha mbili kwa ajili ya santuri ya dola 60, achana naye.

Lipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi. Ukitumia PayPal, usikubali kulipa kama mtu anayemtumia rafiki au ndugu hela ili muuzaji akwepe makato, kwa sababu njia hiyo haina ulinzi wowote. Ukilipa kama mnunuzi una siku 180 za kufungua malalamiko.

Manunuzi ya hapa nyumbani yana kanuni yake: kwanza tazama, kisha lipa. Kutaneni mahali penye watu, nenda na tochi na kitambaa, toa kila santuri kwenye kava yake, maana si ajabu kukuta kava ya bendi moja na ndani kuna kwaya. Usitume hela ya "kushikia mzigo" kwa mtu usiyemjua. Muuzaji naye asitoe santuri kwa kuonyeshwa meseji ya M-Pesa, maana meseji za kughushi ni nyingi. Afungue menyu yake mwenyewe aone salio limeongezeka.

Tangazo lenyewe

Picha sita zinatosha: kava mbele, kava nyuma, lebo A, lebo B, santuri upande A na upande B kwenye mwanga wa pembeni. Ya saba, ya ukingo wenye matriksi, weka kama santuri ni ya bei. Usitumie picha ya mtandaoni. Mnunuzi ananunua nakala yako.

Maelezo yawe mafupi na ya kupimika. Mfano:

"Chapa ya Nairobi, tundu dogo. Santuri VG: nywele nyingi pande zote, mkwaruzo mmoja wa sentimita 2 upande A, unalia mara 6, hauruki. Upande B kelele ndogo mwanzoni. Imeoshwa na kusikilizwa yote. Jina kwa kalamu ya bluu kwenye lebo A. Mfuko wa karatasi mpya, haina kava yake."

Kwa soko la nje liandike pia kwa Kiingereza. Usiweke maneno ya sifa, "adimu sana" na "moto". Kila tangazo linayo, hakuna anayeyasoma.

Upokeaji wa fedha uupange kabla ya kuweka tangazo. Kenya inawezekana kupokea kwa PayPal na kuzitoa kwenda M-Pesa, huduma iliyoanza 2018. Kama uko nchi nyingine, angalia kwanza kama akaunti za nchi yako zinaruhusiwa kupokea na si kutuma tu. Wapo walioshtukia hilo baada ya kupata mnunuzi.

Kufunga

Toa santuri kwenye kava. Ndilo jambo wauzaji wapya hawalifanyi, na ndilo linaloharibu kava nyingi. Boksi likiangushwa kwa upande, santuri iliyo ndani ya kava hugeuka kisu na kupasua mshono. Santuri ikae kwenye mfuko wake wa ndani, nyuma ya kava, vyote viwili ndani ya mfuko wa plastiki wa polithini. Usitumie mifuko laini ya PVC inayonata. Ikikaa na santuri kwa muda mrefu inaacha ukungu wa kemikali kwenye uso wake, na hautoki.

Kisha kata vipande viwili vya kadibodi ya mabati, ile yenye mawimbi ndani. Kwa LP viwe sentimita 32 kwa 32, kwa santuri ndogo 19 kwa 19. Kimoja mawimbi yaende wima, kingine yaende mlalo, uviweke mbele na nyuma. Mawimbi yakielekea upande mmoja, boksi linakunjika kwenye mstari huo huo. Funga vipande hivyo viwili kwa utepe ili santuri isitembee, bila kubana. Nje weka boksi la santuri, au ulitengeneze kwa kadibodi, liwe limezidi kila upande kwa sentimita 1 au 2, nafasi hiyo ijazwe karatasi. Pembe za boksi ndizo zinazogonga kwanza, ziongezee utepe. Magazeti yasiguse kava, wino wake unahama.

LP moja iliyofungwa hivyo inakaribia nusu kilo, na santuri ndogo gramu 150 hadi 200. Pima nyumbani kabla ya kutaja nauli. Kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa kina kikomo cha kilo 2, kwa hiyo LP tatu zinapita kwa raha na nne zinahitaji mizani. Kwa mnunuzi wa santuri ndogo, mshawishi achukue tano pamoja: nauli inaongezeka kidogo, na kila santuri inamwangukia kwa bei nafuu.

Sheleki hufungwa kivingine. Kila moja kati ya kadibodi mbili, halafu ndani ya boksi, na boksi hilo ndani ya boksi kubwa lenye angalau sentimita 5 za karatasi au sponji pande zote. Ndiyo, ni gharama. Sheleki iliyotumwa kwenye bahasha inafika vigae.

Ukituma kwa basi kwenda mkoa mwingine, omba kifurushi kisiwekwe karibu na injini wala juani. Plastiki ya santuri inalegea kwa joto, na saa chache ndani ya gari lililofungwa juani zinatosha kuipinda.

Posta na forodha

Tuma kwa rejista au kwa njia yenye namba ya kufuatilia, kila mara. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, KE kwa Kenya na TZ kwa Tanzania. Bila hiyo, mnunuzi akisema hajapokea, huna ushahidi na hela zinarudi kwake.

Jaza fomu ya forodha ya CN22, au CN23 kwa kifurushi cha thamani kubwa. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa kwamba ni santuri ya muziki iliyotumika, uweke msimbo wa forodha 8523.80, na thamani halisi. Wanunuzi wengine wataomba uandike "zawadi" au dola 5. Kataa kwa adabu. Kifurushi kikipotea, fidia inafuata thamani uliyoandika.

Mjulishe mnunuzi kuhusu kodi za kwao kabla hajalipa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoza VAT kwa kila kifurushi tangu Julai 1, 2021, hata kiwe cha bei ndogo. Uingereza, kwa mzigo usiozidi pauni 135 unaouzwa kupitia soko la mtandaoni, VAT inatozwa na soko lenyewe wakati wa kulipa. Marekani iliondoa msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 kuanzia Agosti 29, 2025, na taratibu za posta zimebadilika, kwa hiyo ulizia kaunta ya posta kabla ya kukubali oda ya huko. Anayeagiza kuja nyumbani akumbuke VAT ya asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, pamoja na ushuru wa forodha.

Malalamiko yakija

Usijibu kwa hasira na usirudishe hela usiku huo huo. Omba picha: boksi lilivyofika, kava, na santuri kwenye mwanga wa pembeni. Mara nyingi ni uzito wa sindano ya mnunuzi uliowekwa vibaya, au santuri inahitaji kupanguswa vumbi la mfuko. Kama kasoro ni ya kweli na hukuitaja, pendekeza punguzo la sehemu ya bei. Kwa santuri ya dola 20 ni nafuu kuliko kulipa nauli ya kurudi. Kama ni ya bei kubwa, irudi.

Kuna wachache wanaonunua nakala nzuri ili warudishe mbovu waliyokuwa nayo. Ndiyo maana ile picha ya saba ina kazi: mwombe apige picha ukingo wa matriksi na lebo ya santuri anayotaka kuirudisha, ulinganishe namba, alama za kalamu na mkwaruzo mmoja mmoja na picha zako, kisha ndipo mzungumze nani analipa posta.